Shahada ni mali kauli

Kariakoo kuna biashara inaitwa mali kauli. Unaingia dukani kwa mtu anayekufahamu, unachukua majora ya vitenge, hulipi hata senti, unaondoka nayo. Ukishauza unarudi na hela. Hakuna mkataba wala mwanasheria. Kuna daftari, kuna jina lako, na mara nyingi kuna mtu wa tatu aliyesema, "Huyu namjua." Ukilivunja neno lako mara moja tu, habari zitatoka Mtaa wa Congo na kufika Gerezani kabla wewe hujapata daladala.

Mwaka jana mimi ndiye niliyesema, "Huyu namjua."

Niliyemsemea ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Alikuwa mwaka wa mwisho, anasoma uhandisi wa programu katika chuo ambacho sitakitaja, kwa sababu ninayoyasimulia yangeweza kutokea chuo chochote. Projekti yake ya mwisho ilitaka mteja wa kweli, mtu mwenye shida ya kweli. Nikamkumbuka Mama mmoja mwenye duka la vitenge na mashuka Kariakoo. Tulifahamiana Julai 2021 nilipokwenda kuandika habari za soko kuu lilipoungua, na tangu hapo tukawa tunajuliana hali. Mama yule anakopesha watu kama arobaini kwa mali kauli, na hesabu zote zimo kwenye madaftari yenye jalada gumu, mengine yameshachanika. Nikampeleka dogo. Akatoa shikamoo, akaeleza mpango wake, Mama akaniangalia mimi. Nikasema namjua. Basi.

Wiki mbili baadaye programu ilikuwa tayari. Unaingiza jina la mteja, mzigo aliochukua, alicholipa, na simu inakuambia deni lililobaki. Nilishangaa. Enzi zangu chuoni, wenzetu waliosoma kompyuta walikesha muhula mzima kwa kitu kidogo kuliko hicho. Nilipomuuliza amewezaje, alicheka. "Dada, siku hizi nani anaandika mwenyewe? Unaiambia tu, inakuandikia."

Alimaanisha ChatGPT na ndugu zake, hiyo tunayoiita akili unde, na wengine akili mnemba. Aliyoandikiwa ni yale ambayo wenyewe wanayaita kodi. Lakini ukitamka kodi Kariakoo watu watadhani umetumwa na TRA, kwa hiyo mimi nitasema msimbo.

Dogo alipata A.

Kosa la kwanza lilijitokeza baada ya mwezi. Mteja alikuwa anadaiwa laki nne, akalipa laki moja na nusu, kwa hiyo yabaki laki mbili na nusu. Simu ikasema inabaki laki moja. Sababu ilikuwa ndogo tu. Mchana mtandao wa Kariakoo unakuwa mzito. Binti wa dukani alibonyeza "hifadhi", skrini ikanyamaza, akabonyeza tena. Malipo mamoja yakaandikwa mara mbili. Bahati nzuri daftari lilikuwepo, Mama akaliona kosa.

Dogo akaieleza mashine tatizo, ikampa dawa: mteja yuleyule akilipa kiasi kilekile siku ileile, hesabu ni malipo mamoja. Akabandika, akajaribu mara tatu, ikakubali. Kila mtu akafurahi. Simu ilionekana imepona, na binti wa dukani akaacha kuandika daftari.

Sasa kuna mama mwingine, anachukua mzigo kwa Mama na kuuza Tandika. Siku moja biashara ilimnyookea. Asubuhi alikuja akalipa laki moja na nusu taslimu. Jioni akarudi na laki moja na nusu nyingine, maana alitaka kupunguza deni haraka apewe mzigo wa sikukuu. Mteja yuleyule, kiasi kilekile, siku ileile. Programu ikameza malipo ya pili bila kusema neno.

Aliporudi kuchukua mzigo akaambiwa bado anadaiwa. Akasema amelipa. Akaambiwa mashine inasema hajalipa. Akasema kwa sauti kubwa zaidi kwamba amelipa, na watu wakageuka. Unajua Kariakoo ilivyo, ugomvi wa hela hauchukui dakika kupata watazamaji. Kuna mtu akachomekea kwamba hawa wa mali kauli ndivyo walivyo. Mama yule akaondoka mikono mitupu, akilia.

Mama hakumpigia dogo simu. Alinipigia mimi. "Mwanangu, wewe ndiye uliyeniletea huyu kijana."

Tulikwenda wote wawili. Mama hakufoka. Alimpa dogo stuli, akamwekea simu mbele yake, akauliza swali moja: "Baba, nieleze. Huyu mama analia anasema amelipa. Miaka sita nafanya naye kazi, hajawahi kunidanganya. Hii simu inasema hajalipa. Kwa nini?"

Dogo aliitazama skrini kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Ngoja niiulize."

Neno hilo limenikaa kichwani mpaka leo, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Mjadala wa akili unde vyuoni, ninavyousikia, karibu wote ni mjadala wa wizi. Mwanafunzi kakabidhi kazi ambayo si yake, je, amemwibia mwalimu? Wanaobishana hivyo wanasahau maisha ya chuo. Kabla ChatGPT haijafunguliwa kwa watu wote Novemba 30, 2022, tulikuwa na madesa. Tulikuwa na flashi zenye projekti za waliotutangulia, unabadilisha jina na mwaka, unachapa. Walikuwepo vijana waliojulikana kwamba ukiwa na hela ya bumu watakuandikia projekti nzima, na utetezi watakufundisha kama kasuku. Wandishi wa programu wenyewe, hata mabingwa, miaka yote wameokota vipande vya msimbo kwenye intaneti na kuvibandika kwenye kazi zao. Kama kunakili ni dhambi, dhambi hii ina mvi.

Halafu dogo naye ana utetezi wake, na si wa kipuuzi. Darasani kwao ni mia kadhaa. Mhadhiri mmoja na wasaidizi wake hawawezi kumfikia kila mtu. Alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari akaambiwa haya, sasa ni Kiingereza, na chuoni akakuta vitabu vya kurasa mia nane ambavyo hata Mwingereza anavisoma kwa jasho. Mashine ile anaiuliza kwa Kiswahili, inamjibu kwa Kiswahili. Akiuliza kitu kilekile mara kumi haichoki, haimcheki mbele ya wenzake. Kijana wa familia yenye uwezo alikuwa na mwalimu wa ziada tangu darasa la tatu. Huyu wetu ndiyo kapata wa kwanza. Nani ana ujasiri wa kumwambia azime?

Kuzima tuliwahi kujaribu. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni, isipokuwa kwa kibali. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni mfumo wa kompyuta uliofungwa Hazina kwa ajili ya hesabu za serikali, ukazivuruga. Ulikuwa mtambo wa wageni, ulioendeshwa kwa ujuzi wa wageni, na ulipokosea waliobaki na hesabu mbovu ni wenyeji. Hasira ile naielewa. Lakini tiba yake ilitugharimu, maana kizazi kizima kilipita bila kuigusa kompyuta, na milango ilipofunguliwa tukaanza kuwakimbiza watu waliokuwa wameshafika mbali. Kufunga mlango hakukutupa ujuzi uliokuwa unakosekana Hazina. Kulitupa miaka mingine ya kuukosa.

Kwa hiyo sitaki tupige marufuku. Ninachotaka kujua ni nani aliyedhulumiwa katika kisa cha dogo. Nikihesabu vizuri, mwalimu wake hajapoteza kitu, ametoa A yake na kwenda nyumbani. Dogo kajidhulumu kidogo, hilo ni lake. Aliyedhulumiwa kweli ni mama wa Tandika, mtu ambaye hajawahi kukanyaga chuo kile, hajui msimbo ni nini, na hakuna aliyemwuliza kama anakubali jina lake likae ndani ya ile simu.

Hapo ndipo ninapoiona shahada kuwa mali kauli. Chuo kinapompa kijana karatasi yenye muhuri, hakimpongezi tu yeye kwa kukesha. Kinawaambia watu wasiomjua: huyu tunamjua. Chukueni kazi yake, mtalipwa. Na jamii inachukua bila kukagua, kwa sababu haina macho ya kukagua. Mama wa duka hawezi kusoma msimbo, kama mimi nisivyoweza kusoma mchoro wa nondo za jengo ninalopanga chumba. Tunaishi kwa neno la watu wengine.

Kariakoo inajua bei ya neno hilo. Jumamosi ya Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka hapa likiwa na watu ndani. Zaidi ya watu ishirini walikufa, na uokoaji ukaendelea kwa siku kadhaa. Nilisimama pale na kalamu yangu kama waandishi wengine. Maswali yaliyozunguka vumbi lile yalikuwa yaleyale kutoka kwa kila mtu, muuza maji mpaka kiongozi: nani alisimamia? Nani alisaini? Kwa majengo tuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na wahandisi wake wanakula kiapo hadharani. Pamoja na hayo bado majengo yanaanguka, lakini angalau kuna mlango wa kwenda kugonga na kuuliza. Kijana anayeandika programu ya madeni ya watu arobaini hadaiwi muhuri wala kiapo na yeyote. Kitu pekee kinachosimama kati ya kazi yake na yule mama ni kile alichokielewa yeye mwenyewe. Kama hakuna alichoelewa, hakuna kinachosimama hapo.

Mtu atasema deni la vitenge si ghorofa. Kweli. Lakini Uingereza shirika la posta lilianza mwaka 1999 kufunga kwenye ofisi zake mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Mamia ya mawakala wa posta, wengi wao watu wa maduka madogo ya mtaani, walishtakiwa kwa wizi na udanganyifu. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, na wapo waliojiua. Walikuwa wanasema nimelipa, na wanajibiwa mashine inasema hujalipa. Ilibidi Bunge litunge sheria maalumu mwaka 2024 kufuta hukumu zile kwa mkupuo. Na msimbo wa Horizon uliandikwa na binadamu, akili unde haikuwa na mkono pale. Ndiyo maana siwezi kuishia kuilaumu mashine mpya. Ubaya uleule unapatikana popote ambapo mfumo unaaminiwa kuliko mtu, na hakuna karibu mwenye uwezo na ujasiri wa kueleza kwa nini umesema ulivyosema. Akili unde imeongeza kasi tu. Sasa mtu mmoja, ndani ya wiki mbili, anaweza kuzalisha mifumo mitatu ya namna hiyo na akapata A kwa kila mmoja.

Mjomba wangu alisoma ufundi mitambo. Anasema wiki za kwanza chuoni walipiga tupa tu. Unapewa kipande cha chuma, unakisugua kwa mkono mpaka kiwe mraba ulionyooka, mwalimu anakiangalia kwenye mwanga, anakurudishia. Mashine za kukata chuma zilikuwepo palepale, wanaziona. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni mateso ya bure. Siku hizi anasema ile tupa haikuwa kwa ajili ya chuma. Ilikuwa kwa ajili ya mkono, ili siku mashine ikikata vibaya, mkono ujue kabla ya jicho. Nadhani msimbo nao una tupa yake. Kuandika mwenyewe kitu kidogo, kikagoma, ukakaa nacho usiku mzima ukitafuta alama moja iliyokosekana, unajifunza kushuku. Dogo alijaribu dawa yake mara tatu na yote matatu yalikuwa majaribio ya kuifurahisha. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kuuliza: je, kuna mteja mwaminifu atakayeumizwa na kanuni hii?

Sisemi haya nikiwa mlimani nikiwaangalia vijana. Miezi michache kabla ya kisa hiki nilipewa ripoti ndefu ya Kiingereza na saa mbili za kuiandikia habari. Nikaipa mashine inifupishie. Ikanipa aya safi, yenye takwimu moja tamu, nikaiweka juu kabisa. Asubuhi msomaji mmoja akaandika kuuliza takwimu ile iko ukurasa gani. Nikaitafuta ripoti nzima, haimo. Tuliomba radhi kwa mistari miwili ukurasa wa ndani. Nilipokaa kwenye lile duka nikamsikia dogo akisema "ngoja niiulize", nilijisikia vibaya kwa sababu niliitambua sauti. Ilikuwa yangu.

Tufanye nini basi? Mhadhiri mmoja ninayemfahamu, si wa chuo cha dogo, ameacha kusahihisha msimbo wenyewe. Anamwita mwanafunzi, anafungua kazi yake, anachagua mistari kumi na kuuliza: huu unafanya nini, na nikiufuta nini kitaharibika? Kutumia akili unde anaruhusu, kunyamaza haruhusu. Nikamwambia hilo ndilo jibu. Akacheka kwa uchovu. "Piga hesabu," akasema. "Wanafunzi mia tatu, dakika ishirini kila mmoja. Ni saa mia moja. Nani atanipa saa mia moja?"

Saa mia moja. Nadhani hapa ndipo suala zima lilipo. Tumepokea mashine inayotuokolea muda wa kuandika, halafu hatutaki kurudisha hata sehemu ya muda huo kwenye kuuliza. Chuo kinachosema hakina nafasi ya kumsikiliza kila mhitimu wake akieleza kazi yake, kinakopesha mali isiyokuwepo ghalani. Na kama kweli hakiwezi, basi kipokee wachache, au kiajiri wengi, au kiache kuandika kwenye cheti neno mhandisi. Najua hayo yote yana gharama, na najua nchi yetu si tajiri. Ila gharama haijafutika kwa sababu hatukuilipa. Imehamishiwa kwa mama wa Tandika.

Dogo, kwa kumtendea haki, hakukimbia. Alichukua siku tatu hakutoka ndani. Safari hii aliitumia mashine ileile kwa namna nyingine: alikwenda mstari kwa mstari, anaiambia usinirekebishie, nieleze. Huo mstari maana yake nini? Kwa nini huu umetangulia? Alipofika kwenye kumbukumbu za seva, ambazo hakujua hata kama zipo, akayakuta malipo ya jioni. Saa kumi na moja na dakika zake, laki moja na nusu, yamekataliwa kwa kudhaniwa marudio. Akaja kwangu usiku kunionyesha. Alikuwa anatetemeka, nadhani kwa mchanganyiko wa furaha na aibu. Kisha akaandika upya sehemu ya malipo kwa mkono wake: kila malipo yapate namba yake ya risiti tangu yanapoanza kuingizwa, ili ukibonyeza mara mbili namba iwe ileile na yahesabiwe mara moja, na anayelipa mara mbili kweli apate namba mbili. Ni kanuni ya zamani, iko kwenye vitabu vile vya kurasa mia nane.

Nikamwambia bado kuna kazi moja.

Jumapili tulikwenda Tandika, mimi, dogo na Mama. Mama wa watu alitukaribisha vizuri, akatoa soda. Mama akamwomba radhi kwanza, kama mkubwa. Halafu zamu ya dogo ikafika. Hakuanza na mtandao wala seva. Alisema, "Mama, shikamoo. Ulilipa. Mimi ndiye niliyeiambia simu isikuamini, na sikujua kwamba nimeiambia hivyo." Mama yule alimwangalia sana, akauliza kwa nini. Dogo akaeleza, kwa Kiswahili chepesi, kwa mfano wa mtu anayegonga mlango mara mbili na mwenye nyumba akadhani ni mgonjaji mmoja. Alieleza mpaka mama yule akatikisa kichwa na kusema, "Kumbe."

Mzigo alichukua wiki iliyofuata. Programu inaendelea kutumika. Lakini ukipita dukani leo utamkuta binti ameshika simu mkono mmoja, na kalamu mkono mwingine. Daftari limerudi mezani, na Mama hana mpango wa kuliondoa.